Kitenge cha Bi Mwantum

Wiki ile timu nzima ilikuwa hoi. Mechi tatu, penalti tatu, zote kasababisha beki wetu Filipo, na kocha alishamwambia: ukitoa ya nne Jumamosi, unakaa benchi mpaka mkataba uishe.

Filipo alipeleka nguo za mazoezi mtaa wa Utemini kwa Bi Mwantum, anayeifulia timu. Mimi nilikuwa pale kibarazani na umbea wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bukta yako naijua, kila wiki vumbi upande wa kulia. Unajirusha na kulala chini kabla mpira haujafika, baba, halafu mgongo wangu ndio unaumia."

"Nimechoka, mama."

"Na mimi je?" Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni. "Jifunge hiki mazoezini. Kikipata vumbi, utafua nguo za timu nzima."

Alipojifunga mazoezini, wenzake walimzomea, "Bibi harusi huyo!" Lakini kitenge kilimbana magoti, hakuweza kujirusha. Alienda hatua fupi fupi, akimsubiri mshambuliaji ausogeze mpira, ndipo audokoe.

Jumamosi, dakika za mwisho, bado bila bila, winga wao aliingia kwenye boksi. Sisi jukwaani tukapiga kelele, "Lala!" Filipo hakulala. Hatua fupi, nyingine fupi. Winga akausukuma mpira mbele kidogo, Filipo akauchukua.

Jioni alipeleka bukta. Bi Mwantum aliigeuza mara mbili.

"Hii haina cha kusugua," alisema, akaketi kwa mara ya kwanza siku ile.