Kutu Chini ya Rangi

Seremala huyo mtaa mzima walimwita Pima Tena, kwa sababu hakukata ubao bila kuupima, na akishaupima, aliupima tena huku mteja akimsubiri kwa kuguna. Kila asubuhi alipofungua karakana yake, kabla hajavua koti, alimwamkia binti yake ukutani.

Binti alikuwa amechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye bapa la msumeno wa mkono, msumeno mpana wa kale ambao seremala aliurithi kwa mwalimu wake wa ufundi pamoja na randa saba za urembo na keekee moja ya kutobolea mbao. Randa zilichorwa maua, keekee ikazungushiwa majani ya kijani. Msumeno ulikuwa na sura ya mtoto wa miaka mitano, nywele zimesukwa, sikio moja likionekana, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kusema neno. Walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupoi. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu. Miaka miwili baadaye mafuriko yalizoa sanduku la bati lenye picha zake zote, hata ile aliyopigwa akiwa amebebwa mgongoni. Zana za kale zilisalimika kwa kuwa zilitundikwa juu.

Mkewe alikuwa mchora mabango ya maduka. Baada ya maji kupungua alijifungia karakanani wiki nzima, na alipotoka, zana zote zilikuwa zimevaa rangi. Pima Tena aliingia akiwa amefura, maana zana zile hazikuwa za kuchezewa. Akaiona sura. Hasira zikamwishia mlangoni. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa sasa, hakuushusha msumeno ule kukatia kitu.

Asubuhi ninayoisimulia, aliona kwenye kidevu cha mtoto kitu kama lengelenge. Akakigusa kwa ncha ya kidole, ganda la rangi likadondoka, na mahali pake pakabaki doa la kutu, jekundu na bichi kama kidonda kilichotoneshwa.

Siku hiyo hakufanya kazi. Aliufunga msumeno kwa shuka, akaubeba kifuani kama mgonjwa hadi makumbusho ya mji, ambako alisikia kuna mwanamke mhifadhi anayetengeneza vitu vya kale. Mhifadhi aliulaza mezani chini ya taa, akautazama kwa lenzi upande huu na upande ule, na macho yakamng'aa. Alimweleza kwamba misumeno ya namna ile ilifuliwa kwa mkono na imebaki michache mno, na kwamba chini ya rangi, karibu na mpini, lazima iko nembo ya mfuaji. Rangi ikiondolewa na chuma kikisafishwa, msumeno ungekata tena kama siku ya kwanza.

Pima Tena akamwambia hakuja kwa ajili ya msumeno. Amekuja kwa ajili ya mtoto.

Mhifadhi aliweka lenzi chini. Kisha akamweleza ukweli bila kuupaka sukari. Kutu imeshaingia chini ya rangi na inatambaa, imetoka kwenye kidevu inapanda. Hakuna dawa ya kuifikia bila kuiondoa rangi iliyo juu yake. Akiiacha, mwaka mmoja au miwili, itakula chuma na sura pamoja. Akampiga picha mtoto kwa kamera nzuri, akaichapa palepale na kumkabidhi. Pima Tena aliishika, akaipapasa kwa kidole gumba. Ilikuwa karatasi laini. Kwenye msumeno alizoea kupitisha kidole juu ya misuko na kuihisi mmoja mmoja, kwa jinsi mkewe alivyoiwekea rangi nzito.

"Hii ni picha ya picha," akasema, na kuirudisha.

Alipita kwa mafundi wengine watatu, mmoja wa kupaka magari rangi, mmoja wa kuchomelea, mmoja mzee wa kutengeneza saa. Wote walitikisa kichwa. Ndipo likamjia wazo akajiona mjinga kwa kutolifikiria tangu mwanzo: aliyechora yupo hai, yuko nyumbani anachambua mchele.

Akanunua ubao uliopigwa msasa, brashi tatu na makopo ya rangi, akavipanga mbele ya mkewe kwenye meza ya sebuleni. Akauegemeza msumeno kwenye kiti, mtoto akiwatazama. Akamwomba amchore upya kabla kutu haijafika mdomoni.

Mkewe alichukua brashi, akaichovya. Mkono ukakaa hewani. Tone la rangi ya kahawia likaangukia ubao, na yeye hakulifuta.

"Siwezi," akasema.

Pima Tena alidhani ni mikono, kwa kuwa siku hizi ilikuwa ikimtetemeka akishika sindano. Akambembeleza, akamwambia hata ikipinda kidogo haina neno. Akamwambia atamshikia mkono. Akafika mahali akapiga magoti sakafuni, mwanamume wa miaka sitini na nne, akimsihi mkewe kama anayeomba maji.

"Baba Chiriku," mkewe akasema. Jina hilo hakumwita tangu siku ya mazishi. "Inuka. Si mikono."

Akainuka.

"Yule si yeye."

Aliyasema akiangalia brashi. Alimweleza kwamba baada ya mafuriko alikaa karakanani siku mbili mbele ya msumeno mtupu, sura ikikataa kumjia. Kila alipofumba macho aliuona uso wa homa, na huo hakutaka kuuchora. Siku ya tatu akamwita mjukuu wa jirani yao muuza mkaa, mtoto wa rika lile, akamkalisha kwenye kigoda, akampa andazi, akamchora yeye. Alitaka kusema siku ileile. Lakini mumewe aliingia, akatazama, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, naye akakosa pa kuanzia.

Pima Tena alikaa. Miaka kumi na tisa alikuwa akimwamkia mtoto wa watu. Alijaribu kumtafuta wa kwake kichwani na kila alipomtafuta ilikuja ile sura ya msumeno, imejaa tele, haimpishi mwingine. Yake ya kweli, kama aliwahi kuwa nayo, ilikuwa imefunikwa na hii. Akauvuta msumeno karibu.

"Hakuna hata kidogo?" akauliza. "Hata jicho?"

"Sikio," mkewe akasema. "Sikio ni lake. Nilikuwa nikimsuka kila wiki, nalitazama hilo sikio nusu siku nzima na yeye anapiga soga tu. Hiki kipembe hapa juu. Sikio nililichora kwa kukumbuka."

Wote wawili wakaurudisha msumeno kwa mhifadhi. Mhifadhi aliuchunguza tena chini ya taa na kuwaeleza kwamba kutu bado iko mbali na sikio, vidole vinne hivi. Sikio linaweza kuokolewa, lakini kwa njia moja tu: rangi yote nyingine ivuliwe, chuma kisafishwe mpaka ukingoni mwa sikio, kisha pazibwe kwa vanishi. Sura ikibaki, sikio litaliwa pamoja nayo.

Pima Tena aliomba aifanye mwenyewe. Mhifadhi akampa glavu, dawa ya kulainisha rangi na kisu butu, akamwonyesha namna ya kuvuta bila kukwaruza. Alianzia kidevuni. Mdomo ulitoka kwa kipande kimoja. Kwenye macho alisimama, akaweka kisu chini, akaenda kusimama dirishani muda mrefu hata mhifadhi akakohoa. Mtoto yule wa jirani hakumkosea lolote, na alikuwa amemfuta machozi miaka yote hiyo. Mkewe alikichukua kisu akatoa jicho la kwanza, na la pili akamwachia.

Chini ya nywele walikuta nembo ya mfuaji, kama mhifadhi alivyobashiri. Alifurahi, kisha akaona nyuso zao, akakaza midomo.

Randa na keekee waliziacha na maua na majani yake, maana mbao zake zilikuwa nzima. Msumeno ulirudi ukutani ukiwa mweupe wote, na karibu na mpini sikio moja dogo la kahawia lenye kipembe juu. Wateja walidhani ni doa. Mmoja alimuuliza Pima Tena kwa nini asilimalizie kulifuta, naye akaendelea kupima ubao wake.

Sura ya bintiye hakuipata tena. Alikesha akiitafuta, akaikosa. Ila jioni moja, wakiwa mezani, mkewe alisema Chiriku alikuwa akila kwa mkono wa kushoto. Pima Tena akabisha, akasema wa kulia, anakumbuka alivyokuwa akimrekebisha. Mkewe akasema ndiyo, alimrekebisha kwa sababu mtoto alitumia wa kushoto. Wakabishana hivyo mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyeshinda.