Nani Amekikalia?

Viti viliacha kulia.

Zamani hakuna kiti kilichotoka katika karakana ya Fundi Tani kabla hajakikalia mwenyewe. Alikiweka katikati ya sakafu, akakipa mgongo, akajishusha taratibu huku mkono mmoja umeshika meza ya kazi, kisha akatulia na kusikiliza. Kiti kikilia hata kidogo, kilirudishwa mezani kikafumuliwa viungo. Kikinyamaza, aliinuka akihema, akakipiga kofi la mgongoni na kukiambia, "Nenda zako, umefaulu." Wateja walipenda kuja kutazama. Dhamana ya karakana ile ilikuwa mwili wake, na mwili wenyewe, jamani, haukuwa wa mchezo. Jina la Tani hakulipata kwa kubahatisha.

Basi mwaka huu vikanyamaza vyote. Alikalia cha mezani kikanyamaza, akakalia cha barazani kikanyamaza, hata vile vyembamba vya mtindo mpya, ambavyo daima alivitilia shaka, havikutoa mguno.

"Mkono umekolea," alimwambia mkewe jioni moja, akiwa ameweka kijiko chini ili atafune vizuri. "Siku hizi sifumui kitu."

"Hongera, baba watoto," mkewe akajibu, naye akiamini.

Wala suala la uzito halikumpitia kichwani hata mmoja wao. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, kapoteza karibu nusu ya mwili wake, na bado anakaa juu ya kiti kukipima kama alivyokipima mwaka jana! Usimcheke lakini. Alikuwa na mengine mengi ya kuzoea, na hilo likajificha katikati yake.

Upasuaji uliompunguza aliutaka mwenyewe. Usingizini pumzi ilikuwa ikimkatika hadi mkewe anamtikisa kwa hofu, magoti yalikuwa yamekataa ngazi, na sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Daktari akamweleza kinaga ubaga: tumbo la chakula litakatwa, kitabaki kipande cha kadiri ya ndizi moja, na maisha ya kula kama alivyozoea yatakuwa yamekwisha. Akakubali. Alichokuwa hajaelezwa, au labda alielezwa asisikie, ni kwamba kila mlo ungekuwa kazi. Kijiko, tafuna, tua, ngoja. Akijisahau akameza haraka, jasho baridi linamtoka na chakula kinarudi kilikotoka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Baridi ilimwingia hata mchana wa jua kali. Ngozi ya mikono ilining'inia, na watu wasiojua walimvuta mkewe kando na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji anaumwa nini?" Kwa upande mwingine, alilala usiku kucha. Aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, na siku ya kwanza alipofanya hivyo alilia.

Dada yake ndiye hakuutaka kabisa ule upasuaji. "Wakupasue tumbo, na wewe hujalalamika tumbo?" alisema. Baada ya hapo hakulizungumzia tena, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye maneno kama yeye lilikuwa baya zaidi.

Huyo dada alimtangulia kuzaliwa na alikuwa mnene kama yeye alivyokuwa. Wakialikwa mahali, walisimama kwanza mlangoni wakivipitia viti kwa macho. "Kile cha plastiki hapana," dada angenong'ona. "Na kile cha chuma?" "Mguu umepinda. Twende zetu kwenye ngazi." Wakaenda kukaa kwenye ngazi, wanacheka, na wenyeji wakadhani wanapenda upepo. Duniani kote ni viti vya mdogo wake tu alivyovikalia bila kugeuza shingo. Alikuwa anaweza kuingia huku anaongea, akajitupa, na asikatize sentensi.

Tena yeye ndiye aliyekuwa chanzo cha ufundi ule. Wakiwa shuleni, kiti kilivunjika chini ya Tani mbele ya darasa zima. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akashindwa kujizuia. Mtoto akabaki pale chini, ameganda, hataki kuinuka maana kuinuka kwenyewe kungekuwa kichekesho kingine. Dada alisikia kelele akiwa darasa la jirani, akaingia bila ruhusa, akakaa chini sakafuni kando yake, akakunja mikono, akawatazama wote. Walikaa vile mpaka kengele ikalia, na tangu siku hiyo Tani alikuwa akiokota vipande vya mbao na kujaribu kuunda kiti kisichovunjika.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mama yao alitaka viti vipya vya mezani, Fundi akavitengeneza, akavikalia kimoja kimoja, vikanyamaza, akavipeleka. Jumapili familia ikakusanyika kwa chakula cha mchana. Dada akaingia na sahani mkononi, akisimulia habari ya jirani yake aliyejifungia nje ya nyumba, akajitupa kitini bila kutazama. Mguu wa nyuma ukang'oka. Mlio ulikuwa mkavu na mfupi, kisha akawa chini, mchuzi umemwagika kifuani, gauni limepanda juu ya magoti. Watoto wakacheka, watoto ndivyo walivyo. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Jamani, kiti kipya!"

Dada hakulia. Aliinua macho akamtafuta mdogo wake katikati ya watu waliosimama.

"Ulikikalia?"

"Nilikikalia, dada."

Akainuliwa na watu wanne, akajifuta, akaomba kurudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo Fundi akimpigia, simu ikawa inaita tu.

Usiku ule usingizi haukuja. Asubuhi akakipeleka kiti karakanani, akakiangalia, akaona aibu yake wazi. Ule ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu la mguu aliukata mfupi, na gundi haikushika hata nusu. Kosa la kawaida. Kila fundi hulifanya mara moja moja. Ila zamani, kabla hajamaliza hata kukaa, kiti kile kingekuwa kimepiga mayowe. Fundi akakaa juu ya rundo la mbao. Makalio yake, yaliyokuwa mifupa mitupu siku hizi, yakamuuma, naye akaelewa mkono haukuwa umekolea hata kidogo.

Akafunga karakana wiki nzima. Akapita nyumba baada ya nyumba akivikusanya viti alivyouza mwaka huu, anaomba radhi, wengine wakimshangaa. Kisha akaanza kutengeneza kimoja, kipana, cha mbao ngumu. Mkewe alitoa kabatini suruali za zamani, zile ambazo hakuwa amejua azifanyie nini, akazikata miguu, akashona ncha moja ya kila mguu, wakajaza mchanga na kushona ncha ya pili. Kisha mkewe huyo huyo akaenda kumbembeleza wifi yake.

Dada alikuja Jumamosi mchana. Alisimama mlangoni, akaanza kuvipitia viti vya karakana kwa macho, kimoja baada ya kingine. Fundi aliona macho yale na moyo ukamwuma, maana hapa dada hakuwahi kukagua kitu.

"Nimekutengenezea kiti," alisema.

"Nakiona."

"Kaa basi, dada."

"Nani amekikalia?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Dada akaegemea kizingiti, akavuta pumzi. Kupanda kutoka barabarani kulikuwa kumemchosha.

"Mimi sikukasirishwa na kuanguka," akasema. "Nimeanguka sana katika maisha haya, we unajua. Shuleni nilikuja nikakaa chini na wewe. Juzi nilipokuwa chini nilikutafuta, nikaona viatu vyako. Vizuri, vimefungwa kamba vizuri. Umesimama na wenzako."

"Nilisimama."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema alipigwa na butwaa. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilifurahi, dada," akasema. "Kabla ya kitu kingine chochote nilifurahi kwamba si mimi."

Nje mtu alipita anapiga mluzi, akatokomea.

"Niliiona furaha hiyo," dada akasema hatimaye. "Ilikuwa usoni kwako. Nilirudi nyumbani nikijiambia labda nimeona vibaya."

"Hukuona vibaya."

"Haya. Angalau umesema." Akaingia ndani hatua mbili. "Na hii mizigo ni ya nini?"

Fundi hakueleza. Alikaa juu ya kile kiti kipana, akapotea ndani yake, akamwonyesha mifuko ya mchanga iliyopangwa ukutani. "Niwekee mapajani. Mmoja mmoja. Mpaka nifike."

"Ufike wapi?"

"Nilikokuwa."

Dada akainua wa kwanza kwa shida, akasita. "Hii si ile suruali ya kijani? Ya siku ya harusi yako?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ilichanika tukiwa tunacheza."

"Ukanifunga kanga yako kiunoni."

Akacheka, alitaka asicheke lakini kicheko kikamshinda, akamtwika. Akaleta wa pili, na wa tatu, anahema, jasho linamtoka, hataki kusaidiwa. Mwingine aliuweka tumboni, mwingine kifuani, na miwili akamning'iniza mabegani kama anavyomvisha mtoto koti. Fundi akaanza kupumua kwa mdomo. Mapaja yakafa ganzi, magoti yakaamka kwa maumivu aliyokuwa ameyasahau kabisa, yakamjia yote kwa pamoja.

"Niongeze?"

"Ongeza. Umebaki mmoja."

Akaongeza. Wote wawili wakasikiliza. Karakana ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mchanga ukijipanga ndani ya kitambaa.

"Umesikia?" Fundi alisema kwa pumzi fupi. "Hakilii. Kinakubeba, dada. Sasa nitue, magoti yananiua."

Lakini dada hakuwa akikitazama kiti. Alikuwa amerudi nyuma kidogo, mikono imejaa vumbi la mchanga, anamtazama yeye, yule mtu mpana aliyekijaza kiti tele, akihema kwa mdomo, uso umelowa jasho.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo, nikuone."

Akangoja. Magoti yalimuuma kama zamani, na kiti chini yake kilikaa kimya.