Peleka Mbele, Beda

Filamu ilipofika dakika ya ishirini na sita, Mama Gaudiosa aliuliza kama mpiga picha alikuwa mgonjwa.

"Maana mkono unamtetemeka," alisema. "Tangu tumekaa hapa sijaona kitu kimoja kilichotulia. Naona viatu, naona nyasi, naona viatu tena."

"Ndiyo mtindo wake, mama," nilimjibu. "Wanataka tuamini kwamba hii kamera iliokotwa porini, wenyewe wakiwa wameshapotea."

"Aliyeiokota angeiacha hukohuko."

Watu wakaguna. Tulikuwa kumi na wawili kwenye kibanda cha video cha Beda pale Majengo, saa tisa alasiri ya Jumatano, siku isiyo na mpira. Ukimwondoa Beda mwenyewe, wote walikuwa wanajumuiya wa Mtakatifu Monika kutoka Katandala. Niliwaomba mimi, nyumba kwa nyumba, waje waitazame *Kamera Iliyorudi* mwanzo hadi mwisho kabla hawajaamua habari ya bibi yangu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana mwezi wa sita, mavuno yameshaingia ndani, vijana watatu kutoka Dar es Salaam walifika kwa Bibi Rozina, nyumba ya mwisho Katandala kabla mashamba hayajaanza. Walimwamkia shikamoo vizuri, wakasema wanatengeneza kipindi cha mapishi ya asili, wanaomba kupiga picha jiko lake la nje. Bibi akawakubalia, akawapa na togwa. Walikaa siku mbili wakaondoka. Miezi kumi baadaye kipande cha sekunde arobaini kikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya simu: mlango wa jiko la Bibi, mgongo wa Bibi na kile kitambaa chake cha kichwani, moshi, ngoma, na sauti nzito kama trekta lililokwama kwenye tope. Chini yake yalipita maandishi mekundu: DAMU YENU NI CHAKULA CHANGU. Na mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza maneno yake juu: Mchawi halisi wa Sumbawanga anaswa.

Nchi nzima inatutania kwa uchawi. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo, halafu anacheka peke yake akidhani yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Hayo tumeyazoea. Lakini utani huo ukishaingia mtaani kwetu wenyewe haubaki utani. Mama mzee akipachikwa jina lile, kwanza watoto wanaitwa wasipite uani kwake. Halafu hakuna anayepokea chumvi mkononi mwake. Halafu siku moja jiwe linaanguka juu ya bati. Bibi ana miaka sabini na minane na anaishi peke yake.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa zamu ya sala nyumbani kwake. Baada ya misa ya Jumapili, Mzee Eustaki, mwenyekiti wa jumuiya, alisema labda turuke nyumba ile twende kwa anayefuata, "mpaka jambo litulie." Alisema kwa upole kabisa. Lakini nyumba iliyorukwa kwa upole imerukwa vilevile, na mtaa mzima ungejua kwamba hukumu imetoka.

Nilimwuliza Bibi alisema nini siku ile mbele ya kamera.

"Niliwaambia watoke kwenye ulezi wangu," alijibu, akaendelea kupepeta.

Nilimwamini, sehemu kubwa. Ile sauti nilikuwa nimeisikiliza kwenye simu mara ishirini bila kuambulia neno, na kila mara sehemu ndogo iliyobaki ilizidi kukua. Ndipo nikaitafuta filamu nzima. Nilifikiri wakiuona upuuzi wote, wataelewa kwamba na kile kipande ni upuuzi. Sikujua kwamba upuuzi unaweza kuwa mrefu kiasi kile.

"Hawa wanakimbia nini?" Mzee Eustaki aliuliza. Alikuwa amekaa benchi la mbele, kofia magotini.

"Hawajui bado, mzee. Wanamtafuta mwenzao aliyepotea."

"Si yule pale?"

Kweli alikuwa pale. Upande wa kulia wa skrini kilionekana kiwiko cha mwenzao aliyepotea, ameshika kipaza sauti kwenye mti mrefu. Beda alijifanya anakaza waya.

"Na huu ni usiku wa mwezi wa sita?" mzee aliendelea. "Hapa kwetu? Amevaa kaptula. Huyo mchawi asijisumbue, atammaliza baridi."

Kisha kamera ikatua, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, kwenye ungo ulioegemea ukuta. Ikaukazia macho dakika nzima, ngoma zikipigwa, mhusika mmoja akihema kama aliyepandisha baiskeli mlimani. Kina mama sita walikuwa mle ndani, na kila mmoja ana ungo nyumbani, wengine nyungo tatu.

"Umetoboka huo," alisema mmoja wao nyuma.

"Akipaa nao hafiki hata Laela," mwingine akamjibu, wakacheka.

Nilianza kupata nguvu. Nikamgeukia Mama Gaudiosa, katibu wetu, mtu ambaye akishasema jambo mtaani huwa limeshasemwa. "Unaona, mama? Hawa hawajui hata wanachokipiga picha."

Hakucheka. "Naona, Zita. Filamu ni mbovu, hilo halina ubishi. Lakini hata mpumbavu anaweza kumpiga picha nyoka wa kweli. Mlango ule ni wa Rozina. Mgongo ule ni wake. Na ile sauti hakuna kati yetu anayeweza kusema ni ya mtu gani." Akachukua mkoba wake. "Mimi nina maharage motoni."

Mzee Eustaki naye akatazama saa. "Mwanangu, tumekuja, tumeona. Hiki kitu kimebakiza muda gani?"

"Saa nzima, mzee."

Watu wakatazamana. Walikuwa watu wazima wanaogundua kwamba wamekula nusu ya sahani na sahani ni ya mchanga. Mmoja aliuliza kama Beda hana mechi ya zamani, yoyote. Mwingine alikuwa ameshasinzia, kidevu kifuani.

"Peleka mbele, Beda," mzee akasema.

Nilisimama. "Kaka Beda, usiruke. Sehemu ya Bibi bado, ukiruka tutaipita."

"Siruki, dada. Naongeza mwendo tu. Hii programu yangu ya kizamani ina mwendo mara mbili, na sauti inakwenda nao."

Akabonyeza. Naapa filamu ilipata nafuu papo hapo. Wale vijana walioburuta miguu nusu saa nzima wakaanza kuchakarika kama kuku waliomwona mwewe. Sauti zao zikawa nyembamba, za vifaranga. "Tumepotea, tumepotea," walilia, chwi chwi chwi, na yule aliyesinzia akaamka akiuliza nani kaleta kuku. Mama Gaudiosa alikuwa ameshafika mlangoni lakini akasimama pale, mkoba begani, akitabasamu bila kupenda.

Kisha skrini ikawa nyeusi, yakatokea maandishi makubwa. Mama Gaudiosa, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini, akayasoma kwa sauti kwa ajili ya wasio na miwani: "Sauti mtakayoisikia ni ya lugha ya kale iliyokufa miaka mia tatu iliyopita. Hakuna aliye hai anayeielewa."

Mlango wa jiko la Bibi ukatokea. Moshi, kitambaa cha kichwani, ngoma zilizoharakishwa mpaka zikawa kama mvua juu ya bati. Nikafumba macho.

Wakati vijana wote walikuwa wanalia kama vifaranga, mchawi peke yake alizungumza kama mtu. Ilikuwa sauti ya Bibi Rozina, ileile anayoniitia chakula, katika Kifipa safi cha nyumbani:

"Nani kaacha mlango wazi? Kuku wanaingia. Wewe mwenye mashine, ondoa huo mguu, unakanyaga ulezi nilioanika. Kwani hukulelewa? Na wewe, mbona umesimama hapo unakitolea chungu macho kama Eustaki siku ya jumuiya? Uji ukiiva nitawaita."

Chini yake maandishi mekundu yalisema: NITAWALA MMOJA MMOJA.

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu alikuwa anahakikisha kwamba masikio yake ni mazima.

"Simamisha," alisema Mzee Eustaki. "Rudisha."

Beda akarudisha. Mlango, kuku, mguu, ulezi, chungu.

"Rudisha tena."

Safari hii kina mama walikuwa wanayatangulia maneno, wanayasema kabla ya Bibi. Nilielewa basi walichofanya wale vijana. Walikuwa wameichukua sauti ya bibi yangu wakaivuta nusu mwendo, ikazama, ikawa ya zimwi. Beda, kwa kuwachoka, aliirudisha ilikotoka. Nikakaa chini. Ile sehemu ndogo niliyokuwa siamini nayo, nilitamani niifiche mahali mtu asiione.

"Lugha iliyokufa," alisema Mama Gaudiosa polepole, bado yuko mlangoni. "Asubuhi ya leo nimeitumia kuomba kiberiti kwa jirani, na kiberiti nimepewa."

"Imekufa lini na hatukuitwa mazishini?" akadakia yule aliyekuwa amelala.

Wakaanza kusema wote pamoja, na hasira yao ilikuwa tamu kuisikia, maana sasa ilikuwa inakwenda Dar es Salaam. Wale vijana walimwambia Bibi ni mapishi. Wakanywa togwa yake. Wakamkanyagia ulezi kisha wakasema lugha ya mama yake haina mtu wa kuisema.

Mzee Eustaki alikuwa anaigeuza kofia yake magotini.

"Eustaki yupi huyo aliyetajwa?" akauliza.

Beda akatazama dari. Mimi nikatazama viatu, kama kamera.

"Mzee," alisema Mama Gaudiosa, "kwenye jumuiya yetu Eustaki ni mmoja. Tena ndiye mwenyekiti."

Jumamosi nikaiona inatutoka tena, sasa kwa mlango mwingine. Bibi alikuwa ametoka kwenye uchawi akaingia kwenye umbea, mbele ya watu kumi na wawili, na mwenye kuamua alikuwa ndiye aliyesemwa. Nilitaka kumwombea radhi. Mzee akanitangulia.

"Mimi huwa nakitolea chungu macho?" mzee aliuliza.

Beda akarudi kukaza waya.

"Nimeuliza swali."

"Kidogo, mzee," sauti moja ikatoka nyuma.

"Siku ya sala nyumbani kwa Mboje ulifunua kifuniko," alisema Mama Gaudiosa. "Tukiwa bado kwenye litania."

Mzee Eustaki alivaa kofia yake, akaivua kwa kuwa bado yuko ndani, akaishika. Nilimwona akipima. Angeweza kusema mwanamke mwenye mdomo ule hafai kukaribisha sala, na wapo ambao wangemwunga mkono.

"Nimesikia mengi yanayosemwa na wachawi," alisema mwishowe. "Huwa ni ya kutisha, na huwa ni ya uongo. Hili ni la kuudhi, na ni la kweli." Akasimama. "Jumamosi saa moja asubuhi, kwa Rozina. Katibu, liandike leo hii kwenye magrupu yako yote. Yaleyale ulikokitembeza kile kipande."

Mama Gaudiosa akainamisha kichwa. Sikujua kwamba na yeye alikitembeza. "Nitaandika," alisema. "Na sauti nitaiweka, ya mwendo mara mbili."

"Sauti usiiweke," mzee alisema haraka. "Andika tu. Na mjue kabisa kwamba mimi siku hiyo sitakula."

Walianza kutoka. Mzee akageuka mlangoni, akaitazama skrini ambako mlango wa jiko ulikuwa bado umesimama, umechafuka kwa maandishi mekundu.

"Beda. Inaishaje hii?"

"Kamera inaanguka, mzee."

"Halafu?"

"Basi."

"Na yule aliyepotea?"

"Haonyeshwi."

"Hakuna hata anayekufa?"

"Hatujaonyeshwa, mzee."

Mzee Eustaki alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao tangu saa tisa. "Hata kusema uongo hawajui," alisema, akatoka.

Nilikwenda Katandala kwa miguu, haraka, upepo wa uwandani ukinisukuma mgongoni. Bibi nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Nilimweleza yote, pamoja na lile la chungu, nikitegemea ataona haya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanakuja," alisema.

"Wanakuja wote. Ila Mzee Eustaki amesema hatakula."

Bibi aliinuka, akaingia ndani, nikasikia anaupima unga wa ulezi kibakuli baada ya kibakuli.

"Atakula," alisema huko ndani.