Nyota za Ng'ombe

Mtafsiri wa maandishi ya kale pale makumbusho walimwita Pilipili, na jina hilo alikuwa amelipata kwa jasho la ulimi wake. Mkurugenzi mpya, aliyetoka kuuza sabuni, alipotangaza kwamba masimulizi ya uumbaji yatashindanishwa, wafanyakazi wenzake waliinamisha vichwa. Pilipili alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yashindanishwe vipi, bosi?"

"Wageni wanabandika nyota ubaoni. Babeli, Misri, Wamaya, watu wa kaskazini ya Ulaya. Kwani si hadithi ni ileile? Maji, giza, halafu dunia."

"Ileile?" Pilipili alivua miwani. "Babeli, mungu kijana anamuua bibi wa miungu wote, anampasua kama samaki wa kukausha, nusu moja inakuwa mbingu. Misri, mungu yuko peke yake, hana wa kumsemesha, anatema mate, mate yanakuwa watoto. Huku vita, kule upweke. Kama wewe unaona maji tu, basi hata supu na bahari kwako ni mamoja."

"Mama, usinipotezee muda. Tafsiri vibao, viwe vifupi."

Akatafsiri, shingo upande. Aliwapenda Wamaya kuliko wote: miungu wao wanafinyanga mtu wa udongo, analowa na kumomonyoka, wanachonga wa mti, anakosa moyo, ndipo wanampata wa mahindi. Miungu wanaokubali kwamba wamekosea! Kibao kilirudi kutoka kwa mkurugenzi kimeandikwa: "Mtu wa mahindi. Mtamu!" Hilo "mtamu" lilimkata maini.

Siku ya ufunguzi, waziri alipita mbele ya vibao kama mtu anayetafuta choo. Akasimama penye ng'ombe wa watu wa kaskazini, yule anayelamba barafu mpaka kichwa cha mtu kikachomoza.

"Huyu ana maziwa?"

"Yanatiririka kama mito, mheshimiwa," mkurugenzi akadakia, meno yote nje.

Waziri akambandikia ng'ombe nyota. Kufumba na kufumbua, kila aliyetaka kuonekana na waziri naye akambandikia ng'ombe. Wamaya hawakuambulia hata moja.

Pilipili akaazima bisibisi ya fundi, akapanda juu ya kiti, akaanza kufungua skurubu za ubao mbele ya kamera.

"Mama, shuka!" mkurugenzi alinong'ona, jasho likimtoka.

"Nashuka nao."

Ubao ukaanguka kwa kishindo, nyota zikatapakaa sakafuni. Waziri, akidhani ni sehemu ya onyesho, akapiga makofi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Pilipili akabaki juu ya kiti na bisibisi mkononi, mdomo wazi.

Kesho yake alihamishiwa ghalani, kupangusa vigae vilivyovunjika. Jioni mumewe akamuuliza kama uhamisho umemuuma sana.

"Uhamisho?" akabetua midomo. "Kilichoniuma ni yale makofi, baba. Wangenitukana, ningewajibu."