Kimpira cha Pili

"Kwenye mambo ya meno, daktari, hakuna wa kunifundisha," bibi alianza hata kabla hajakaribishwa kiti. "Nimekuwa na seti mbili. Ya kwanza iling'oka yote, ya pili nimeisahau kwenye glasi nyumbani."

Daktari wa meno hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamwona fundi magari aliyejisugua kwa mkaa na ndimu mpaka maji ya kunywa yakamliza, na dada mmoja aliyeyapiga meno yake tupa ya kucha ili yalingane. Wote walijifunzia kwenye simu. Subira aliyobaki nayo haikujaa kijiko. Na sasa kwenye kiti cha wagonjwa amelala mjukuu wa huyu bibi, msusi wa nywele, kaziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mkono, dada."

Meno mawili ya mbele yalikuwa yamebanana kama watu wanaonong'onezana. Ufizi juu yake umevimba, unatoa usaha. Daktari akayagusa kwa ncha ya kidole. Yakacheza.

"Uliweka nini hapa?"

"Sijaweka kitu."

"Sawa. Basi nang'oa yote mawili, twende nyumbani."

Msusi akatoa macho. "Kimpira," akasema. "Vile vya kufungia ncha za nywele. Wanazibia mwanya. Nilipoamka sikukiona, nikajua nimekimeza."

"Hukukimeza, kimepanda! Jino linakuwa jembamba kuelekea mzizini, mpira unateleza unaingia ndani ya ufizi, unakula mfupa. Jino zima, halina hata tundu, linadondoka. Nitasema mara ngapi jamani?"

"Si nilimwambia!" bibi akadakia, akiisukuma juu miwani yake iliyofungwa kwa uzi mwekundu. "Nikamwambia, mwanya huo nimekurithisha mimi, uache! Watoto hawa na simu zao. Mimi hata sijui zinawashiwa upande gani."

Daktari akachoma ganzi, akachokoa pole pole, akatoa kimpira cheusi. Lakini akibonyeza ufizi, bado palikuwa na kitu kigumu.

"Vilikuwa vingapi? Kikibaki kimoja, meno utayaokota kwenye mto."

"Kimoja," msusi akasema, macho darini.

"Kimoja," bibi akaunga mkono, upesi mno. "Si umemsikia?"

Daktari akashusha pumzi. "Ulijirekodi? Maana nyote hujirekodi. Lete simu."

Msusi akamtazama bibi yake, kisha akaitoa mfukoni.

"Sauti ipunguze, daktari," bibi akasema. "Kitufe kiko hapo ubavuni. Tusisumbue wagonjwa."

Daktari akaiongeza. Kwenye simu, msusi kakenua, na mkono wenye makunyanzi unamshikia kioo. Sauti ya kibogoyo ikacheka: "Kimoja kitachelewa, mjukuu wangu. Tia na cha pili. Halafu igeuze huku, na mimi nionekane."

Picha ikageuka.

"Viwili," daktari akasema, akaokota kibano. "Fungua mdomo." Akachimba mpaka akakipata cha pili, akakidondosha kwenye sahani. "Nitayafunga kwa waya. Ufizi ukitulia, huenda yakashika. Huenda."

Kisha akamgeukia bibi, aliyekuwa akisoma kwa makini tangazo la mswaki wa watoto ukutani.

"Bibi."

"Yule si mimi," bibi akasema, huku akivua miwani taratibu na kuitumbukiza kwenye mkoba.