Nyumba Isiyo na Taka

Barua ya shule ilikuwa fupi na yenye adabu. Ijumaa kila mtoto alete kutoka kwao taka zisizopungua tano: makopo, maboksi, vifuniko, chochote cha kutupwa. Darasa litatengeneza wanyama, na watoto watajifunza kutotupa vitu ovyo. Asiyeleta atakaa benchi la nyuma awatazame wenzake.

Mtoto mwenyewe, ambaye kwa wingi wa maneno yake aliitwa Chiriku, alikuwa amelikalia benchi hilo muhula uliopita, siku ya rangi za maji.

"Bibi, mimi kule sirudi," alisema. "Lile benchi linachoma."

"Hurudi. Taka nazo ni kitu cha kumkosesha mtu usingizi?"

Bibi huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Hakitupwi. Alivaa miwani akaizunguka nyumba taratibu, chumba baada ya chumba. Kopo la maziwa lilikuwa kipimo cha mchele. Chupa ya mafuta, iliyotobolewa kifuniko, ilimwagilia mboga za dirishani. Trei ya mayai ilitunza vifungo, kila rangi na shimo lake. Vifuniko viwili vya dawa vilishika pini. Hata rili nne za uzi uliokwisha zilikuwa chini ya miguu minne ya kabati, lisilowe maji. Mwisho akafungua pipa la taka. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai, nayo yalikuwa yanasubiri kupelekwa kwenye mboga.

Akakaa kitako. Kwa miaka sitini na miwili hakuwahi kujiona maskini, mpaka siku hiyo alipokosa takataka.

"Nenda kwa mke wa injinia," alisema binti yake, muuguzi, aliyekuwa akivaa viatu vya zamu. "Wale kwa siku wanajaza mapipa mawili."

Bibi akaenda. Mke wa injinia alimpokea mlangoni kwa masikitiko ya kweli.

"Shikamoo, mama. Yaani umechelewa! Zimeisha tangu juzi. Maboksi kachukua mke wa daktari, makopo kayawahi Mama Pacha. Watu wameweka oda."

"Oda ya taka?"

"Mama, usione hivi. Mimi mwenyewe, kwa ajili ya twiga wa mwanangu, nimenunua maboksi manne ya biskuti. Biskuti zenyewe tumezimwaga kwenye sufuria."

Njiani Bibi hakumhukumu mtu. Alijiuliza tu, sufuria ikiwa imejaa biskuti, chakula kitapikwa kwenye nini.

Ijumaa asubuhi akamkabidhi Chiriku mfuko: kopo, chupa, vifuniko viwili, rili nne.

"Sikiliza, mama. Hivi vyote vina kazi. Vimeomba ruhusa ya siku moja tu. Usikate, usitoboe, usitie gundi. Funga kwa uzi."

"Na mkia?"

"Mkia chukua kamba hii. Hii imestaafu."

Saa sita mchana alipokwenda kumchukua, alimkuta amekaa mezani katikati ya wenzake, ulimi nje, akikaza fundo la mwisho. Ng'ombe alisimama juu ya rili nne. Mwili wake ulikuwa chupa, na kichwa chake kopo lenye macho ya vifuniko. Mwalimu akatangaza kwamba wanyama wote watabaki kwenye maonyesho wiki mbili.

Bibi alifungua mdomo. Kisha akaona jinsi Chiriku anavyomwangalia, akaufunga.

"Wiki mbili si nyingi," akasema.

Zilikuwa nyingi. Wali ulipikwa kwa kukisia, leo uji, kesho changarawe. Mboga zilinyauka. Kabati lililowa, likagoma kufunguka.

"Mama, si ununue kikombe tu?" alisema muuguzi, akitema punje.

"Na mwenye kazi yake akirudi? Mtu hafukuzwi kwa kwenda likizo."

Siku ya mwisho Bibi alikwenda shule na kikapu, Chiriku ubavuni. Meza ya maonyesho ilikuwa tupu, imefutwa ikang'aa. Ukutani lilibaki bango: TUSITUPE OVYO.

"Mwalimu, wanyama wako wapi?"

Mwalimu, mtu mpole, alilishangaa swali. "Tumeshawatoa, Bibi. Kesho tunaanza mada ya usafi. Si zilikuwa taka tu?"

"Mmezitoa zikaenda wapi?"

"Shimoni, nyuma ya vyoo. Zitachomwa mchana."

Chiriku alikuwa ameshatoka mbio. Bibi alipofika, akihema, mtoto yumo shimoni, amezama hadi kiunoni, ng'ombe kwapani. Ng'ombe alikuwa mzima, mafundo hayajalegea. Lakini mtoto hakutoka.

"Njoo, mama. Wataleta kiberiti sasa hivi."

"Bibi, na hawa?" Akainua twiga wa biskuti, shingo imepinda. Chini yake walilala simba, kobe wawili, na mamba mrefu wa maboksi mwenye meno ya karatasi. "Hawa hawajafuatwa na mtu."

Bibi alimtazama twiga. Akakitazama kikapu. Aliiwaza nyumba yake, ambamo hakijawahi kuingia kitu kisicho na kazi, na alijua vizuri kwamba mamba yule hana kazi yoyote duniani.

"Anza na wadogo," akasema, akainama kukishusha kikapu. "Mamba tutambeba mkononi."