Chai ya Wifi

Wifi alipomletea chai mezani kwake kazini, Bi Kificho alijua kuna jambo. Miaka sita ya ndoa, huyu dada wa mumewe hakuwahi kumpa hata maji ya kunywa bila kumtupia kijembe kwamba bado hajazaa. Leo chai, tena yenye sukari, na "pole na kazi, wifi yangu" juu yake. Mtu haamki tu asubuhi akawa mwema.

Walifanya kazi kampuni moja, iliyotengeneza programu ya hospitali. Bi Kificho, jina alilobandikwa na wenzake, ndiye aliyepokea kumbukumbu halisi za wagonjwa na kuzifunika kabla hazijaingia chumba cha pili, ambako wifi na wapimaji wengine waliijaribu programu. Jina alibadilisha, simu akavuruga tarakimu, namba ya kitambulisho akaifuta. Ukishapita mikononi mwake, hata mama mzazi hakutambui.

Sasa huyu amejua nini? Chai ilipoa akiitazama tu. Mwishowe akaifungua hifadhidata ya majaribio na kuipekua safu kwa safu. Majina, safi. Simu, safi. Akafika safu ya mwisho, ambamo daktari huandika maelezo kwa maneno yake mwenyewe: hiyo hakuwahi kuigusa. Akatafuta kazi ya mumewe, "fundi saa". Jibu lilikuja moja.

"Mume, fundi saa wa nyuma ya posta, ndiye asiyeweza kuzalisha. Mke ameomba abebe lawama yeye, ndugu wa mume wasijue."

Alijichukia. Miaka yote ameuma meno ili mumewe asichekwe, kumbe amekuja kumwanika kwa mkono wake mwenyewe.

Akaifunika safu nzima, kisha akamvuta wifi kwenye korido.

"Umesoma?"

"Nimesoma." Macho ya wifi yalilengwalengwa na machozi. "Nisamehe, wifi. Nimekusema sana mie."

"Hayo yamepita. Ila kaka yako asijue kwamba unajua, na mama ndiyo kabisa. Niapie."

"Haki ya Mungu, sisemi."

Kiapo kilitoka upesi mno. Bi Kificho hakukipenda, lakini angefanyaje?

Jumapili, nyumbani kwa mama mkwe, sahani zilikuwa bado mezani mama alipoanza wimbo wake. "Mwaka wa sita huu. Shamba likiwa halioti, mkulima afanyeje?"

Bi Kificho aliinamisha kichwa kama kawaida yake, akisubiri wifi adakie kwa kicheko, maana ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Kicheko hakikuja. Wifi alikuwa amekunja uso.

"Mama, mwache mtoto wa watu," alisema. "Muulize mwanao."

Fundi saa aliweka kijiko chini. Hakumtazama dada yake, wala mama yake. Alimtazama mkewe, mtu pekee aliyemwamini kwa siri hiyo.